MIKUNJO ILIYO CHINI YA NGOZI: JE, KASORO YA MWILI NI HUKUMU?

Kwa jina la Allah, Mwingi wa Rehema. Shukrani zote ni zake, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Ijumaa ya leo tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu tutaona haya kulisoma msikitini. Lakini dini yetu haikuona haya kutufundisha janaba, hedhi na nifasi, na mwenye kuona haya kuuliza hubaki na ujinga wake. Basi tuvumiliane, tusome mpaka mwisho.

Kuna mama mmoja, hatutamtaja na wala asitafutwe, aliyetuletea maswali kupitia kwa wamama wanaosomesha darsa ya wanawake. Miaka iliyopita, biashara ya mumewe ilipokuwa nzuri, alisafiri nje ya nchi akafanyiwa operesheni ya kuongeza matiti. Alikuwa amenyonyesha watoto wanne, na mumewe hakuacha kumlinganisha na wanawake anaowaona kwenye simu. Aliporudi, mume alifurahi. Kisha mama akapungua uzito, na mikunjo ikaanza kuonekana upande wa nje na wa chini wa matiti, mfano wa kitambaa kilichofinyangwa, hasa akiinama. Mume yule yule sasa hataki kumtazama. Mama anasema kila akienda rukuu anaisikia ile mikunjo, na swala yake yote inaishia kwenye kuwaza kifua chake.

Ameuliza mambo matatu. La kwanza: je, hii ni adhabu ya Allah (S.W.) juu yangu? La pili: je, ninaruhusiwa kujitibu, au nikae nayo iwe kafara yangu? La tatu, nalo ndilo lililotuliza sisi tuliolisoma: nikifa, wamama watakaoniosha wataona. Watasema nini?

TUFAHAMU KWANZA JAMBO LENYEWE

Kabla ya kuhukumu, tujue. Kifuko kinachowekwa ndani ya titi ni ganda la silikoni lililojazwa ama maji ya chumvi, ama jeli ya silikoni. Daktari hukiweka nyuma ya nyama ya titi, juu ya msuli wa kifua au chini yake. Mwili nao, kwa maumbile yake, hukizungushia utando wa kovu.

Chukua mfuko wa maji ya kunywa, ile inayouzwa na watoto barabarani. Ukiulaza mezani unaonekana umetuna vizuri. Ukiusimamisha, maji huteremka chini, na plastiki ya juu inajikunja. Kifuko cha ndani ya mwili nacho hufanya hivyo hivyo mtu anaposimama au kuinama. Sasa ufunike mfuko huo kwa blanketi nzito: huoni kitu. Ufunike kwa kitambaa chepesi: kila mkunjo unaonekana. Ndiyo maana jambo hili huwapata zaidi wanawake wembamba, waliopungua uzito, au ambao nyama ya titi imepungua kwa umri na uzazi. Huwapata zaidi pia waliowekewa kifuko juu ya msuli, na wenye vifuko vya maji ya chumvi kuliko wenye vifuko vya jeli.

Sisi watu wa Nzilo tunalijua hili bila kusomeshwa. Wakati wa kiangazi, maji ya ziwa yakipungua, yaliyo chini hujitokeza. Hayakuzaliwa siku ile. Yalikuwapo, ila kifuniko chake kimepungua.

Madaktari wanasema mikunjo yenyewe, kwa kawaida, si ugonjwa wala haihatarishi maisha. Lakini umbo likibadilika ghafla, au titi likivimba, likiwa gumu, likauma, likawa jekundu au kukatokea uvimbe, mtu asingoje: aende hospitali akapimwe, kwani huenda kifuko kimepasuka au kuna tatizo jingine.

SWALI LA KWANZA: JE, NI ADHABU?

Wako ndugu zetu watakaosema: “Huyu aligeuza umbile la Allah, naye Allah amemfedhehesha. Mwacheni avune alichopanda.” Maneno haya yana upande wa ukweli, na tusiufiche. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 119, tumetahadharishwa kwamba shetani ameapa kuwaamrisha watu wabadilishe umbile la Allah. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.), wamekemewa wanaochonga meno ili kuyaachanisha kwa kutafuta uzuri. Wanazuoni wengi wameipima operesheni ya urembo mtupu kwa mizani hiyo, wakaikataza. Hatusemi kinyume chao.

Lakini kusema kitendo kimekatazwa ni jambo moja, na kusema mikunjo hii ni hukumu ya Allah juu ya mtu huyu ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni elimu. La pili ni kudai kujua ghaibu.

Tazama dalili iliyo wazi. Mikunjo hii hii huwapata sana wanawake waliokatwa titi kwa sababu ya saratani, kisha wakatengenezewa jingine kwa kifuko. Huwapata kwa sababu nyama ya kufunika imebaki kidogo. Je, huyu naye anaadhibiwa? Amekosa nini? Hakuna anayethubutu kusema hivyo. Basi ikiwa alama moja inaonekana kwa aliyekosea na kwa asiyekosea, na kwa sababu ile ile ya ngozi nyembamba, alama hiyo haiwezi kuwa ushahidi wa dhambi. Inatuonyesha ngozi ilivyo, na moyo wa mtu hatuusomi hapo.

Wala tusisahau ni nani mwingine alikuwa na mkono katika jambo hili. Kifuko cha kwanza cha jeli ya silikoni kilitiwa mwilini mwa mwanamke mwaka 1962, katika mji wa Houston, Marekani. Jina lake ni Timmie Jean Lindsey, na madaktari walikuwa Thomas Cronin na Frank Gerow. Mama yule hakuwa amekwenda kutafuta matiti. Alikwenda kufutwa chale za rangi kifuani, na madaktari ndio waliomshauri ajaribiwe kifuko hicho. Yeye mwenyewe alisema alichokuwa akikitaka ni masikio yake yarekebishwe. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliyeliona titi kuwa na upungufu alikuwa mtu mwingine, na mwenye titi aliambiwa tu.

Na sisi je? Mume anayemlinganisha mkewe na picha za simu, aliyeyasahau maziwa waliyonyonya wanawe, anataka kuja mbele ya Allah na kusema kwamba mkewe alitenda peke yake? Aliyetoa pesa ni nani? Aliyefurahi ni nani? Leo anageuza uso. Ndugu yangu, ikiwa ile ilikuwa dhambi, basi fungu lako usilitwike mgongoni kwa mwingine.

Yuko na mfanyabiashara. Nchini Ufaransa, kampuni iitwayo PIP, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Jean-Claude Mas, ilijaza vifuko vyake silikoni ya bei nafuu ambayo haikuruhusiwa kutumika kwa tiba. Ilifungwa mwaka 2010. Wanawake waliokuwa na vifuko hivyo walikadiriwa kuwa 300,000 duniani, na mwaka 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wake wapatao 30,000 waviondoe. Desemba 2013 mahakama ya Marseille ilimhukumu Mas kifungo cha miaka minne. Wachimbaji wetu, ambao wamewahi kupimiwa madini yao kwa mizani iliyochezewa, wanayajua maumivu haya: unatoa kilicho chako, na wa upande wa pili anakudanganya kwa usilokuwa na uwezo wa kulipima. Surat Al-Mutaffifin imeshuka juu ya watu wa namna hiyo.

SWALI LA PILI: JE, AJITIBU?

Tuanze na kisa cha sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.), kilichopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, nayo ikamharibikia ikawa inanuka. Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atengeneze pua ya dhahabu.

Ndugu zangu, tukifikirie kisa hiki. Dhahabu imeharamishwa kwa wanaume, lakini hapa iliruhusiwa. Na tuzingatie kwamba kilichoharibika kilikuwa kiungo cha bandia, mfano wa tunachokizungumza leo. Haikupokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia kunuka kule ni adhabu ya vita vya kijahiliya. Alimtafutia kinachofaa.

Tofauti ipo. Arfaja alipoteza pua. Mama yetu hakupoteza kitu, alizidisha. Ni kweli. Wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chao cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, waliipambanua tofauti hiyo: upasuaji wa kurudisha umbile la kawaida, au kuondoa kasoro ya kuzaliwa, ya kuungua, ya ajali au ya maradhi, unaruhusiwa, na kutengeneza upya titi lililokatwa ni katika huo. Upasuaji wa kufuata matamanio na kuiga watu haukuruhusiwa. Hapa kwetu Kongo tunaona mfano wa ule wa kwanza katika Hospitali ya Panzi, Bukavu, ambako tangu mwaka 1999 Daktari Denis Mukwege na wenzake wanawatengeneza wanawake walioharibiwa miili yao kwa vita na kubakwa. Hakuna mwenye akili atakayeiita kazi hiyo kubadilisha umbile la Allah. Ni kurudisha kilichovunjwa.

Sasa swali letu liko katikati. Huyu aliingia kwa mlango wa matamanio, lakini leo amesimama mahali pa madhara. Tumpime kwa mlango alioingilia, au kwa hali aliyo nayo?

Tutazame tunavyofanya kwetu. Juni 2019, makumi ya wachimbaji walifukiwa na udongo katika machimbo ya Kamoto, hapa Kolwezi. Waliingia bila ruhusa ya wenye mgodi. Je, nani kati yetu alisema wasifukuliwe, kwa kuwa hawakuwa na kibali? Tuliwalilia. Waliotoka hai tulitaka watibiwe. Na kule Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe kutafuta kobalti, mpaka kuta zikapasuka. Walikosea? Pengine. Lakini jirani mwema akiona ufa kwenye ukuta wa mwenzake, kwanza anawatoa watoto ndani, kisha anasaidia kuegemeza ukuta. Maneno ya “nilikuambia” yanakuja baadaye, au hayaji kabisa.

Kwa hiyo, sisi si mufti, na karatasi hii si fatwa, lakini tunaona njia yake ni hii:

Kwanza, toba yake iko kati yake na Mola wake, na mlango wake uko wazi. Toba ni kujuta, kuacha na kuazimia kutorudi. Haikuwekewa sharti la kubaki na maumivu mwilini. Kuifanya mikunjo kuwa kafara ni kujitungia sheria.

Pili, amwone daktari wa kuaminika. Yako mambo kadhaa yanayowezekana: kuiacha kama ilivyo ikiwa haimdhuru, kubadilisha kifuko kwa chenye jeli nzito zaidi, kukihamishia chini ya msuli, kuongezea mafuta yaliyotolewa sehemu nyingine ya mwili, au kukiondoa kabisa. Kila operesheni ina hatari yake na gharama yake, na hata kuondoa kunaweza kuacha ngozi imelegea. Daktari atamweleza, naye achague lenye madhara machache zaidi.

Tatu, ajichunguze nia. Akienda kuondoa madhara, au kurudisha utulivu ili aswali na aishi na watoto wake, hiyo ni tiba. Akienda kuongeza ukubwa ili ashindane na picha ile ile iliyomtoa nyumbani mara ya kwanza, basi amerudi alikoanzia.

Na kuhusu swala zake: kifuko kiko chini ya ngozi, maji ya kuoga janaba hufika juu ya ngozi, basi twahara yake ni sahihi na swala yake ni sahihi. Asiache safu.

SWALI LA TATU: NANI ATANIOSHA?

Hili linatuhusu sisi zaidi kuliko linavyomhusu yeye. Mama huyu haogopi kaburi, anaogopa ndimi zetu. Ameishi katika jamii yetu, ameswali nyuma yetu, na jambo alilojifunza kwetu ni kwamba hata akiwa maiti hatutamsitiri. Tujiulize tumefanya nini mpaka Muislamu akafikia kuwaza hivyo.

Mwenye kuosha maiti amepewa amana. Imepokewa kwamba atakayemuosha maiti akaficha aliyoyaona, Allah humghufiria mara arobaini. Na amepokea Muslim kwamba anayemsitiri Muislamu, Allah atamsitiri. Surat Al-Hujurat nayo imefananisha kusengenya na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Basi fikiria anayetoka chumba cha kuoshea maiti akaenda kusimulia sokoni aliyoyaona. Huyo amekaribia kuifanya mithali hiyo kuwa kweli.

Wala maiti hakatwi ili kuondolewa kifuko. Heshima ya mwili wa aliyekufa ni kama ya aliye hai. Anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa na kuzikwa kama Waislamu wengine. Wamama wetu wa kuosha maiti tunawaomba walikumbushane hili, na wanaume vile vile, kwani nasi tunayo ya kufichwa.

KWA AMBAO BADO

Kumhurumia aliyepatwa hakumaanishi kuipigia debe njia aliyoipita. Jambo hili haliko mbali nasi tena. Mwaka 2023, hata Hospitali ya Taifa Muhimbili huko Mloganzila, Tanzania, ilianza huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile. Kesho binti yako atakuuliza. Umwambie nini?

Mwambie ukweli. Vifuko hivi si vya maisha yote: mamlaka ya dawa ya Marekani inasema hivyo waziwazi, na kadiri miaka inavyozidi ndivyo uwezekano wa operesheni nyingine unavyozidi. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan ilirudisha kutoka sokoni vifuko vyake vyenye ganda la kukwaruza, baada ya kuhusishwa na saratani adimu ya seli za limfu. Mwaka 2021 mamlaka hiyo iliamuru vifuko vyote viwekewe onyo kali, na mgonjwa apitishwe kwenye orodha ya hatari kabla ya kukubali. Mwanamke mwembamba, ambaye ndiye anayeambiwa mara nyingi kwamba “amepungukiwa”, ndiye aliye karibu zaidi na mikunjo.

Kisha mwambie kwamba Allah (S.W.), katika Surat At-Tin, ametueleza kuwa mwanadamu ameumbwa katika umbo bora. Lakini jihadhari, ewe baba: maneno haya hayamfai binti aliyekusikia kila siku ukimcheka mama yake kwa mwili wake. Hotuba ya nyumbani husikika zaidi kuliko hotuba ya mimbari.

Na wewe mume wa mama yetu, kama umo msikitini leo, hakuna anayekujua wala anayekutazama. Rudi nyumbani. Usizungumzie kifua. Mwulize tu kama ana maumivu, na kama anataka umsindikize kwa daktari. Akisema ndiyo, nenda naye, na gharama ulipe wewe kama ulivyolipa ile ya kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa mkubwa katika nyumba yako hauko mwilini mwake.

Nawe mama uliyeuliza: mikunjo hiyo haisemi kwamba Allah amekukataa. Inasema kwamba ngozi ni nyembamba na kifuko kimejikunja. Njoo uswali. Nenda rukuu kama wanavyokwenda wengine, kwani hakuna hata mmoja katika safu ile asiye na alichokificha chini ya nguo yake.

Ewe Mola wetu, utusitiri aibu zetu duniani na akhera, utuepushe na ndimi zetu, na utupe macho ya huruma kwa wake zetu na watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina majina matukufu: usiitupe chini. Tafadhali usiisome imamu anapohutubu. Ukimaliza, mpe jirani.)